Mafuta ya Maziwa na Habari za Tumbo la Ng'ombe

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka)



Katibu wetu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya jambo lolote la manufaa kutoka katika kazi yangu. Kazi yangu ni ya afisa mifugo wa serikali. Nimeifanya kwa zaidi ya miaka 20 tangu nilipotoka Chuo Kikuu cha Sokoine, na sehemu kubwa nimeifanya milimani, mahali ambapo ng'ombe wa maziwa hakai malishoni bali hufugwa bandani, na majani yake huja juu ya kichwa cha mtu. Wasemaji walionitangulia wametuzungusha kwenye mabenki na mahakama. Mimi nitawapeleka zizini, na naomba radhi mapema kwa harufu.

Nimechagua kuzungumzia mafuta ya maziwa. Wengi wetu wanafunzi wa zamani tuna ng'ombe mmoja au wawili nyuma ya nyumba, au tumemnunulia mama kijijini, halafu tunapiga simu kila Jumapili kuuliza anatoa lita ngapi. Na nyinyi vijana, ada na nauli za baadhi yenu hupita kwanza ndani ya ndoo ya maziwa kabla ya kumfikia mhasibu wa shule. Kwa hiyo ile namba ndogo inayoandikwa kituoni katika safu ya mafuta inawahusu kuliko mnavyodhani.

Kipimo chenyewe kimezeeka. Ni chupa ya kioo yenye shingo nyembamba iliyochorwa mistari, na kilibuniwa na Mswisi Niklaus Gerber mwanzoni mwa miaka ya 1890. Hutangulia asidi ya salfa mililita 10, yakafuata maziwa mililita 10.75 yakiteremshwa polepole ubavuni mwa chupa, kisha alkoholi ya amili mililita 1. Ukiziba na kutikisa, chupa huwa ya moto hata huwezi kuishika bila kitambaa, kwa sababu asidi inayeyusha protini na kuyaacha mafuta peke yake. Huzungushwa kwa kasi katika mashine dakika 5, hutiwa katika maji ya nyuzi 65, na mafuta hupanda shingoni yakawa safu ya rangi ya dhahabu. Hapo ndipo unaposoma: 3.5, au 3.8, au 4.2. Huko Wisconsin, Marekani, Stephen Babcock alikuwa ametoa kipimo cha namna hiyo mwaka 1890. Shida iliyowasumbua wote wawili ilikuwa moja. Viwanda vya siagi vilikuwa vikinunua maziwa kwa ujazo, na aliyetia maji au kuengua malai alilipwa sawasawa na mwaminifu.

Kwa maneno mengine, kipimo hiki kilizaliwa kikiwa askari. Ubaya wake ni kwamba sisi huku bado tunakitumia kama askari tu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka maziwa mabichi ya ng'ombe yasipungue asilimia 3.25 ya mafuta. Yakipungua, swali la kwanza kituoni huwa: nani kaiba?

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Septemba, nililetewa shauri la namna hiyo. Kijiji sitakitaja, wala kituo. Mama mmoja mjane mwenye ng'ombe mmoja, chotara wa Friesian, alikuwa amefutwa katika daftari la kituo. Maziwa yake yalikuwa yamepimwa mara tatu na kuonyesha mafuta asilimia 2.4. Laktomita ilisimama kwenye 32, maana yake hayakutiwa maji, kwa sababu maji yangeishusha chini ya 28. Kamati ikapiga hesabu zake: mafuta hayapo, maji hayapo, basi huyu anaengua malai usiku na kuyauza kwa jirani. Mama aliapa hadi machozi yakamtoka. Mtoto wake wa Kidato cha Pili alikuwa nyumbani wiki ya pili akingoja nauli ya kurudi shuleni, na tayari wenzake walikuwa wamekwisha kusikia kwamba mama yake ni mwizi wa malai.

Kamati haikuwa na nia mbaya. Ilikosa elimu moja tu: maziwa yaliyoenguliwa na maziwa ya ng'ombe mwenye tumbo bovu hufanana sana katika laktomita. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Yakipungua, yawe yameenguliwa kwa kijiko au hayakutengenezwa kabisa, maziwa yanayobaki huwa mazito kidogo na laktomita hupanda. Laktomita haiwezi kujua kama ni mkono wa mtu au ni tumbo.

Sasa nawaomba vijana wa sayansi wasogeze viti. Tukisema ng'ombe anakula majani, tunasema nusu ya ukweli. Ng'ombe ana tumbo kuu, katika ng'ombe mkubwa linaweza kubeba lita 100 na zaidi, na humo wanaishi wapangaji: bakteria na vijidudu vingine kwa mabilioni. Hao ndio wanaoyala majani. Kodi wanayomlipa mwenye nyumba ni asidi tatu: asetiki, ileile iliyomo katika siki, propioniki, na butiriki. Akila majani yenye nyuzinyuzi, asetiki huwa nyingi kuliko zote. Akila wanga, propioniki huongezeka. Propioniki huenda kwenye ini na kufanywa sukari, na sukari ndiyo inayoongeza lita za maziwa. Asetiki na butiriki huenda kwenye kiwele, na huko hujengwa mafuta.

Asidi ya asetiki ina atomu 2 za kaboni. Kiwele hujenga mafuta kwa kuunga mbili juu ya mbili: 4, 6, 8, 10, na kuendelea mpaka 16. Ndiyo maana mafuta mengi ya maziwa yana hesabu ya kaboni iliyo shufwa. Yale yenye kaboni 18 kiwele hakiyajengi. Huyachukua katika damu, nayo hutoka ama katika chakula ama katika unene wa ng'ombe mwenyewe. Yapo pia machache yenye hesabu witiri, 15 na 17, na mengi ya hayo hutoka katika miili ya wale bakteria. Mtu akiyachambua mafuta ya maziwa kwa urefu wa kaboni anapata habari tatu kwa mpigo: kiwele kimejenga kiasi gani, ng'ombe amechota kiasi gani katika mwili wake, na ni wapangaji gani wanaostawi tumboni. Wakati tunasoma hapa niliwahi kumuuliza mwalimu wa kemia kwamba minyororo ya kaboni itanisaidia nini maishani. Alinijibu kwa kunipa zamu ya kufagia maabara.

Tumbo hilo linataka hali yake. Uchachu wa wastani, pH baina ya 6 na 7, ndio unaowafaa bakteria wanaokula nyuzinyuzi. Kinachozuia tumbo lisichachuke kupita kiasi ni mate. Ng'ombe mkubwa anayecheua vizuri huweza kumeza lita 100 au zaidi za mate kwa siku, na ndani yake mna baikaboneti, kitu cha jamii ya magadi tunayotia katika maharage. Lakini mate huja kwa kutafuna, na kutafuna huja kwa majani marefu. Ukimjaza pumba, atameza upesi, atatafuna kidogo, mate yatapungua na asidi itaongezeka. pH ikishuka chini ya 5.8 na kukaa huko kwa saa nyingi kila siku, wapangaji wazuri hufa au hulala. Ng'ombe haanguki. Anaendelea kula, anaendelea kukamuliwa, hata lita zake huweza kupanda kwanza. Ugonjwa huu haupigi kelele, na ndiyo sababu unaharibu ng'ombe wengi.

Kwa miaka mingi wataalamu walidhani mafuta hupungua kwa sababu asetiki imepungua tu. Maelezo hayo hayakutosha, kwa kuwa mafuta yalishuka kuliko upungufu wenyewe. Jibu kubwa lilipatikana mwaka 2000, katika kazi ya kundi la Dale Bauman wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Chakula cha ng'ombe kina mafuta ya mimea, na bakteria huyabadilisha kwa kuyatia haidrojeni. Tumbo likiwa na afya, kazi hiyo hupita njia moja. Tumbo likichachuka, hupita njia nyingine ya pembeni, na katika njia hiyo huzaliwa asidi moja ya mafuta inayoitwa trans-10, cis-12. Hiyo ikifika kwenye kiwele huzima mitambo ya kujenga mafuta. Walipowapa ng'ombe gramu 10 tu kwa siku, wakiipitisha nyuma ya tumbo kuu, mafuta ya maziwa yalipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Gramu 10! Ni vijiko viwili hivi vya chai, kwa mnyama wa kilo 600.

Turudi kwa yule mama. Siku ya pili yake nilifika alfajiri na wajumbe wawili wa kamati. Nilitaka washuhudie ukamuaji mzima kwa macho yao, tangu chuchu ya kwanza hadi tone la mwisho, kwa sababu maziwa ya mwanzo huwa na mafuta machache sana na yale ya mwisho huwa na mengi mara kadhaa. Ndama tulimfunga mbali, maana ndama akiachiwa amalizie, anayanywa mafuta yote. Tulikoroga ndoo, tukachota sampuli, nao wakaibeba kwa mikono yao. Mafuta: 2.5. Mashine ya wilayani ikatupa protini: 3.2.

Hapo ndipo penye ushahidi. Maziwa ya ng'ombe wa namna ile, akiwa mzima, huwa na mafuta kuliko protini. Ukigawanya mafuta kwa protini unapata kama 1.2. Ukipata chini ya 1, ulizia habari za tumbo. Yeye alipata 0.78, na ilikuwa imetoka kiweleni mbele ya mashahidi.

Baada ya hapo ng'ombe mwenyewe alieleza yaliyobaki. Alikuwa amelala, hacheui. Kinyesi chake kilikuwa laini kama uji, chenye mapovu na chenga za mahindi. Kwato za nyuma zilikuwa zimeanza kurefuka na kupinda. Nikauliza chakula. Mama akaeleza bila kuficha: kiangazi kimekausha majani, mabingobingo ya shambani yamekwisha, mzigo wa majani kutoka tambarare umepanda bei, kwa hiyo anampa ndoo nzima ya pumba asubuhi, tumbo likiwa tupu, ili atulie akikamuliwa, na jioni machicha ya pombe. Majani machache aliyopata alikuwa akiyapitisha katika mashine ya jirani, yakatoka kama tumbaku. Naye aliona faida, kwani maziwa yaliongezeka lita mbili. Pumba ya mahindi ya mashine zetu za vijijini ina wanga mwingi, tena ina mafuta ya mahindi. Ni mambo mawili yanayotakiwa hasa ili tumbo lichukue ile njia ya pembeni.

Dawa haikutoka dukani. Tulianza na majani kabla ya pumba, kila siku, hata kama ni mabua ya mahindi yaliyokatwa vipande vya urefu wa kidole, pamoja na majani ya migomba. Pumba tuliigawa mara nne badala ya mara moja, tukapunguza kiasi, tukaongeza lukina kwa ajili ya protini. Machicha tuliyasimamisha. Magadi kidogo yalisaidia, ingawa magadi nayo nayasema kwa tahadhari, kwa maana mengine ya maziwa yetu ya bonde la ufa yana floraidi nyingi, na meno ya watu wa kaskazini ni mashahidi. Mafuta hayarudi kesho yake; huchukua wiki mbili hadi tatu wapangaji wazuri kujipanga upya. Wiki ya tatu tulipima 3.6. Jina la mama likarudi daftarini. Mtoto alikuwa amepoteza mwezi mzima wa masomo, na hilo kamati haikuwa na namna ya kulirudisha. Zile kwato pia hazikurudi sawa. Ng'ombe yule alichechemea mpaka alipouzwa.

Nisije nikaeleweka vibaya. Siyo kila mafuta yaliyopungua ni tumbo, na wezi wa malai wapo, nimewakamata. Ng'ombe wa Jersey humzidi Friesian kwa mafuta hata wakila sahani moja. Ng'ombe aliyezaa miezi miwili iliyopita, akiwa kileleni mwa maziwa yake, huwa na mafuta machache kuliko atakavyokuwa nayo mwishoni. Maziwa ya asubuhi, baada ya usiku mrefu, kwa kawaida yana mafuta kidogo kuliko ya jioni. Kwa hiyo namba moja ya siku moja haina maana kubwa. Kinachosema ni mwenendo: ng'ombe yuleyule, ukamuaji uleule, wiki baada ya wiki, akishuka ghafla toka 3.8 hadi 2.8 bila sababu nyingine.

Na mafuta mengi nayo yana maneno yake. Ng'ombe amezaa wiki mbili zilizopita, maziwa yanasoma 5.5, nyumba nzima inashangilia. Mimi hutazama mbavu zake. Mafuta yakigawanywa kwa protini na kutoa zaidi ya 1.4 au 1.5 katika wiki za mwanzo, mara nyingi ng'ombe huyo anajila mwenyewe: chakula hakimtoshi, anayeyusha unene wake na kuumimina kwenye ndoo. Hayo ndiyo yale yenye kaboni 18. Asiposaidiwa upesi ataacha kula, na utaambiwa karogwa.

Wenzetu wa Marekani na Ulaya wamefika mbali zaidi. Huko maabara kubwa hupitisha mwanga usioonekana, wa infraredi, ndani ya matone ya maziwa, na kwa muda mfupi sana hupata, mbali na jumla ya mafuta, sehemu iliyojengwa na kiwele na sehemu iliyotoka mwilini au katika chakula. Sehemu ya kiwele ikishuka, mfugaji anajulishwa kabla hajaona dalili yoyote bandani. Mimi siwaambii tusubiri mashine hiyo. Chupa ya Gerber na kipimo cha protini vinatosha kwa mengi, na vile vimashine vidogo vya mawimbi ya sauti vilivyopo katika baadhi ya vituo hutoa namba zote mbili kwa pamoja. Namba zipo. Tunachofanya nazo ni kuziandika, kumlaumu mtu, na kufunga daftari.

Hapa nitasema maoni yangu mwenyewe, siyo ya ofisi. Kituo kinacholipa kwa lita peke yake kinamfundisha mfugaji kuumiza ng'ombe wake, kwa sababu ile ndoo ya pumba inamlipa leo na hasara inakuja mwakani kwenye kwato. Wangelipa kwa mafuta na protini, mama yule angeona hasara katika malipo ya mwezi wa kwanza, akauliza mapema. Na kabla kituo hakijamwita mtu mwizi, sharti kichukue sampuli ya zizini mbele ya mashahidi. Ni kazi ya asubuhi moja. Ndugu zangu mlio katika bodi za vyama vya ushirika, na nawaona humu zaidi ya watatu, hilo liko ndani ya uwezo wenu bila kusubiri mfadhili.

Kwa wale ambao leo jioni mtapiga simu nyumbani: msiulize lita tu. Ulizeni kama ng'ombe anacheua akiwa amelala. Mwambieni mtoto ahesabu anatafuna mara ngapi kabla hajameza tonge moja la kucheua. Mara 50 hadi 70 ni nzuri. Zikiwa 30, ulizeni pumba inatolewa kiasi gani na saa ngapi.

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu wa Kilimo amenikubalia nitumie maabara kuanzia saa nane mchana, pamoja na vijana wa Kidato cha Tatu. Nimekuja na chupa 12 na mashine ya kuzungusha kwa mkono. Wenye ng'ombe hapa jirani walete robo lita ya maziwa ya ukamuaji mzima, yaliyokorogwa, na jina la ng'ombe liandikwe juu ya chupa, siyo jina la mwenye ng'ombe. Asidi nitaimimina mimi mwenyewe. Watakaosogea karibu wavae viatu.